Namoratunga: Jinsi Makaburi ya Lokori Yalivyopewa Umri, Kabila na Nyota

Mji mdogo wa Lokori uko kusini mwa Turkana, kando ya Kerio, mto ambao miezi mingi ya mwaka una mchanga mwingi kuliko maji. Kama kilomita moja kutoka mjini umeinuka mwamba mweusi wa volkano, na hapo pana makaburi ya kale yapatayo 160. Kila kaburi limezungushiwa mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima kwa mduara. Baadhi ya mabamba hayo yamechongwa alama: miduara, mistari iliyopinda, misalaba, maumbo yanayoshikana kama pete. Mwamba wenyewe umechongwa alama za aina hiyo hiyo, nyingi mno. Waturkana wanapaita Namoratunga, mahali pa watu wa mawe.

Jina hilo lina mahali pengine pia. Kalokol, karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, pana nguzo 19 za basalti zinazoitwa Namoratunga vilevile. Kutoka Lokori hadi huko ni zaidi ya kilomita 150 hata kwa mstari ulionyooka. Kushirikiana jina kwa sehemu hizi mbili kumeleta matatizo makubwa kuliko mtu angedhani. Kwa zaidi ya miaka 30, umri wa makaburi ya Lokori ulitumika kuzipa umri nguzo za Kalokol, kisha sifa za nguzo za Kalokol zikarudi kuyapamba makaburi ya Lokori. Kuvitenganisha viwili hivi kumechukua muda mrefu, na kwenye vitabu vingi vya watalii bado havijatenganishwa. Ili kuelewa kilichotokea inabidi tuanze na ziwa.

Ziwa linaporudi nyuma

Miaka 9000 iliyopita Turkana haikuwa jangwa. Mvua zilinyesha kwa wingi kutoka Sahara hadi Bonde la Ufa, na ziwa lilijaa hadi likafurika kuelekea kaskazini-magharibi na kumwaga maji yake kwenye mfumo wa mto Nile. Watu wa zama hizo waliishi kwa samaki. Ncha zao za chusa, zilizochongwa kwa mifupa na kutiwa meno ya kunasia, zimeokotwa katika fukwe za kale ambazo leo ziko mbali kabisa na maji. Nyingi zilipatikana Lothagam, kwenye vilima vilivyo karibu na Kerio ya chini, mto ule ule unaopita Lokori kabla ya kufika ziwani.

Kisha mvua zikapungua. Kuanzia kama miaka 5300 iliyopita maji yalianza kushuka, na katika karne zilizofuata ziwa lilipungua kina kwa makumi ya mita. Mwambao ulihama. Ghuba zilizokuwa na samaki zikawa tambarare za mchanga, na aliyekuwa akiishi ufukweni alijikuta yuko nyikani bila kuhama hata hatua moja. Katika kipindi hicho hicho mifugo ilifika. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliokuwa wamefugwa kwa muda mrefu Sahara na katika bonde la Nile walishushwa kusini hadi ziwani, na nyasi mpya zilizoota mahali palipokuwa maji ziliwapa malisho.

Ndipo watu hao wakaanza kujenga kwa mawe. Nashikilia neno "ndipo" kwa makusudi, maana mpangilio wa matukio ndio unaofanya jambo hili liwe la ajabu. Hawakujenga walipokuwa na neema na makao ya kudumu. Walijenga ziwa likiwakimbia, kazi ya kuwapatia chakula ikibadilika mikononi mwao, na majirani wapya wakiingia.

Makaburi ya Lothagam

Kazi yao kubwa kuliko zote inayofahamika iko Lothagam Kaskazini. Wanaakiolojia Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk na wenzao, wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza matokeo ya uchimbaji wao mwaka 2018. Walichokikuta ni jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi. Chini yake palikuwa na shimo pana lililochimbwa katika mchanga wa ufuo wa zamani, na humo walizikwa watu wasiopungua 580 kwa makadirio yao. Maziko yalianza kama miaka 5000 iliyopita na kuendelea kwa karne kadhaa, hadi kama miaka 4300 iliyopita. Shimo lilipojaa, watu walilifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo ndefu juu yake, na kando wakajenga miduara na marundo ya mawe. Baadhi ya nguzo hizo zilichukuliwa mahali palipo karibu kilomita moja kutoka hapo.

Waliozikwa walikuwa wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wote pamoja. Karibu kila mmoja alikuwa na pambo lake: shanga za ganda la yai la mbuni, za mfupa, za mawe ya rangi ya samawati, kijani na waridi. Mmoja alizikwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani. Aliyelitengeneza alihitaji panya wasiopungua 113. Mwingine alikuwa na meno ya kiboko 12 yaliyotobolewa. Hakuna kaburi lililopewa hadhi kuliko mengine, wala mali iliyorundikwa kwa mtu mmoja huku wengine wakiachwa mikono mitupu.

Hilo liliwagusa wataalamu wa dunia nzima kwa sababu kwa muda mrefu walizoea kufundisha kwamba majengo makubwa ya mawe hutokea palipo na mfalme, makuhani au chifu wa kuamrisha wengine wabebe mawe. Lothagam hapakuwa na dalili ya mtu wa namna hiyo. Wafugaji na wavuvi waliotawanyika nyikani walikutana mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, wakaleta maiti zao na kubeba mawe, bila kulazimishwa na mwenye enzi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mahali pale paliwapa sababu ya kukusanyika: kubadilishana habari za malisho, kuoana, kukumbuka nani ni ndugu wa nani, wakati nchi yenyewe haikuwa ikitulia. Kwangu maelezo hayo yana nguvu, na mtu yeyote aliyewahi kuona jinsi matanga yanavyowakutanisha watu wa ukoo waliotapakaa miji mbalimbali hatayaona mageni.

Lothagam haiko peke yake. Nguzo za aina hiyo ziko Lothagam Magharibi, Manemanya na Kalokol upande wa magharibi wa ziwa, na Jarigole na Il Lokeridede upande wa mashariki. Jarigole ilichimbwa kwanza, na Charles Nelson, kuanzia miaka ya 1980. Zote ni za kipindi kimoja, kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita. Baada ya hapo hakuna aliyejenga tena kwa mtindo huo.

Makaburi ya Lokori

Pengo linalofuata ni kubwa, na ndilo lililowapotosha watu. Nguzo za ziwani zilipoachwa zilipita karne nyingi kabla ya mtu kuinua mabamba ya kaburi pale Lokori. Kipimo cha kaboni kilichotolewa kwenye mifupa ya Namoratunga ya Lokori kilionyesha umri wa karibu miaka 2300, yaani kama mwaka 300 kabla ya Kristo. Ukikikubali kipimo hicho, kati ya wajenzi wa Lothagam na wachimba makaburi wa Lokori kuna umbali wa miaka 2000, sawa na ule ulio kati yetu na enzi za Warumi.

Mazishi yenyewe ni tofauti. Hapa hakuna shimo moja la wote. Kila maiti ina kaburi lake, na kila kaburi lina ukuta wake wa mabamba. Mtu amezikwa kama mtu, akiwa na mipaka yake na, kwa baadhi yao, alama yake iliyochongwa. Katika nchi hiyo hiyo na kandokando ya mto huo huo, fikra kuhusu marehemu ilikuwa imegeuka. Ni dalili ya jamii ambayo mifugo imekwisha kuwa mhimili wake, ambayo familia yaweza kutaka itambulike mbali na familia nyingine hata kaburini.

Walikuwa nani? Swali hili limeulizwa mara nyingi kuliko swali lingine lolote kuhusu Lokori, na majibu yake yamesababisha vurugu nyingi kuliko mengine yote. Kabla ya kuyafikia, tuwaone walioyakuta mawe haya na kuishi nayo.

Waturkana na watu wa mawe

Waturkana wanasimulia kwamba walitoka kwa ndugu zao Wajie, upande wa Karamoja katika Uganda ya leo. Katika masimulizi yao, vijana walimfuata fahali aliyepotea hadi bonde la Tarash, na huko wakamkuta mwanamke aliyeitwa Nayece akiishi peke yake kwa kuokota matunda ya mwituni. Alipowaonyesha utajiri wa nchi ile, walirudi kuwachukua wenzao. Kilima cha Moru Anayeche kina jina lake hadi leo. Wanahistoria huweka mwanzo wa uhamaji huo katika karne ya 18, na kufikia karne ya 19 Waturkana walikuwa wamesambaa hadi ng'ambo ya Turkwel na kuteremka Kerio, wakiwasukuma au kuwameza watu waliokuwepo. Kusini mwa nchi yao, eneo la Lokori na Lokichar, likawa la Ngisonyoka, mojawapo ya sehemu za Waturkana.

Kwa hiyo walipofika hapo, makaburi ya Namoratunga yalikuwa na umri wa karibu miaka 2000. Hawakuyajenga, na hawakudai kuyajenga. Masimulizi waliyoyatoa, hasa kuhusu Kalokol, ni kwamba hao walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, pepo mbaya akawageuza mawe. Wapo wanaoongeza kwamba walimcheka yule pepo. Hata hivyo heshima iliyofuata ilikuwa ya kweli. Kalokol wapitao huweka mawe madogo juu ya nguzo. Mchungaji aliye na mbuzi mia mbili wa kunywesha maji hana muda wa kupoteza, lakini huinama akaokota kokoto.

Ningependa msomaji alipime jambo hili vizuri. Kwa karne mbili au zaidi, makaburi haya hayakuwa na ua, mlinzi wala hati. Mawe mazuri ya bapa katika nchi ya mifugo yana kazi nyingi: mafiga, kuta za zizi, vizuizi vya kisima. Yalisalia yamesimama kwa sababu watu waliokuwa wakiishi hapo waliamua kuyaacha.

Wilaya iliyofungwa

Waingereza walichelewa kuishika Turkana. Upinzani ulidumu hadi msafara mkubwa wa kijeshi wa mwaka 1918, uliopokonya maelfu ya mifugo na kuwaacha watu katika ufukara. Baadaye serikali ya kikoloni iliifunga wilaya. Mgeni hakuingia bila kibali, na Mturkana hakutoka kirahisi. Ilikuwa mbali kiasi kwamba mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake, serikali ilimweka Lodwar ili awe mbali na watu wake.

Kufungwa huko kulichelewesha utafiti, na ulipoanza ulianza kwa kitu kingine. Katika miaka ya 1960 Bryan Patterson wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akitafuta mabaki ya viumbe wa kale zaidi Kanapoi na Lothagam. Mwaka 1965, Kanapoi, ulipatikana mfupa wa mkono ambao miaka 30 baadaye ungehusishwa na spishi ya Australopithecus anamensis. Katika mkondo huo wa wataalamu alikuja Lawrence Robbins, mwanaakiolojia wa Michigan aliyechimba makazi ya wavuvi wa Lothagam. Naye Robert Soper, aliyekuwa na taasisi ya Waingereza ya utafiti wa historia ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, alichapisha mwaka 1968 taarifa kuhusu michoro ya mawe ya Wilaya ya Turkana. Kwa miaka mingi sifa ya Turkana duniani ilikuwa ya mifupa yenye mamilioni ya miaka. Makaburi ya miaka 2000 yalionekana kuwa ya juzi tu.

Chapa za mifugo, 1977

Mtu aliyeyapa makaburi ya Lokori uzito yaliostahili ni Mark Lynch, mwanafunzi wa Robbins. Pamoja na Soper, alichapisha mwaka 1977 maelezo ya makaburi ya mduara ya Namoratunga. Mwaka huo huo, yeye na Robbins walitoa hoja ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko yote yaliyowahi kusemwa kuhusu mahali hapa.

Hoja yao ilitokana na kuuliza. Wataalamu wengi wa michoro ya mwambani wa zama zile walizoea kukaa mbele ya alama na kukisia: hili ni jua, hili ni dua, hili ni ndoto ya mganga. Lynch na Robbins waliwaonyesha Waturkana alama za Namoratunga. Wafugaji wakazitambua. Nyingi zilikuwa chapa wanazowachoma ng'ombe, ngamia na punda wao kwa chuma cha moto.

Kwa Mturkana chapa si pambo la ngozi. Neno emachar ndilo jina la chapa, na ndilo jina la ukoo. Mtoto huzaliwa ndani ya emachar ya baba yake. Mwanamke akiolewa huingia katika ya mumewe. Mnyama aliyepotea au aliyeporwa, akionekana umbali wa siku tano, ubavu wake unasema ni wa nani, na unasema pia ni nani atakayekuja kumdai. Kuchonga emachar kwenye bamba la kaburi, basi, ni kuandika jina la ukoo wa marehemu kwa maandishi ambayo kila mfugaji wa nchi ile angeyasoma.

Hoja hiyo ina tatizo, na Lynch na Robbins walilijua. Kama makaburi ni ya miaka 2300 na Waturkana wamekuwapo kwa karne mbili au tatu, alama zao zimefananaje? Waweza kusema kwamba mila ya chapa ni kongwe kuliko kabila lolote lililopo leo, ikapokezanwa kutoka kwa watu hadi watu pamoja na mifugo yenyewe. Wenye mifugo hubadilika, lakini ng'ombe hubaki, na ng'ombe aliyeporwa huja na chapa yake ubavuni. Waweza pia kusema kwamba michoro mingine pale mwambani ni ya baadaye sana, imechongwa na wachungaji waliokuwa wakipumzika karibu na makaburi waliyoyakuta. Yote mawili yaweza kuwa kweli mahali pamoja. Thembi Russell, aliyeirudia mada hii mwaka 2013, aliipanua zaidi kwa kuzitazama alama za wafugaji kwenye mwamba, kwenye ngozi ya mnyama na kwenye ngozi ya mtu kama jamaa moja ya alama.

Nyota za Kalokol, 1978

Mwaka uliofuata, Lynch na Robbins walichapisha makala katika jarida la Science, na hayo ndiyo yaliyoipeleka Namoratunga duniani kote. Safari hii walizungumzia nguzo za Kalokol. Walipima mielekeo ya nguzo 19 kwa dira, wakadai kwamba inaelekea mahali pa kuchomoza kwa nyota na makundi ya nyota saba, miongoni mwake Kilimia, Aldebaran na Sirius.

Nyota hizo saba hawakuzibuni. Asmarom Legesse, mwanaanthropolojia kutoka Eritrea, alikuwa amechapisha mwaka 1973 kitabu chake kuhusu mfumo wa Gada wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Humo alieleza kalenda ya Waborana: miezi 12 ya mwandamo, siku 354, ambayo wajuzi huitambua kwa kutazama mwezi unavyokaribiana na nyota saba maalumu. Waborana wanasema lugha ya Kikushi. Lynch na Robbins waliunganisha mambo matatu: nguzo za Kalokol, kalenda ya Waborana, na mwaka 300 kabla ya Kristo. Hitimisho lao likawa kwamba Wakushi wa kale walijenga kituo cha kutazamia nyota Turkana zaidi ya miaka 2000 iliyopita, cha kwanza kuthibitishwa kusini mwa Sahara. Mwaka 1979 waliongeza hoja kwamba makaburi ya Lokori nayo ni ya Wakushi, wakiyafananisha na mazishi ya Wakonso wa Ethiopia, ambao husimamisha mawe na sanamu juu ya wafu wao.

Mwaka 300 kabla ya Kristo ulitoka wapi? Haukutoka Kalokol. Ulitoka kwenye mifupa ya Lokori. Karibu na nguzo za Kalokol palikuwa na kaburi lililofanana na yale ya Lokori, na kwa daraja hilo moja umri wa kusini ukavushwa hadi ziwani.

Naelewa kwa nini makala hayo yalipokelewa kwa shangwe. Ulikuwa wakati ambapo waandishi wengi wa Ulaya bado waliandika kana kwamba Mwafrika hajawahi kuinua macho angani. Wakenya waliyapokea kwa fahari, na vitabu vikanukuu. Lakini fahari ilijengwa juu ya umri wa kuazima.

Hesabu inarudiwa, 1982 hadi 2019

Soper alikuwa wa kwanza kuitilia shaka. Mwaka 1982 alionyesha kwamba basalti ya Kalokol ina usumaku, nao huipotosha sindano ya dira. Mielekeo iliyopimwa haikuwa sahihi. Mwaka 1986 Laurance Doyle na mwenzake walirudia hesabu na kutetea kwamba hata baada ya masahihisho mpangilio wa nguzo si wa kubahatisha tu. Mabishano yakaendelea kwa namba, kati ya watu wachache, katika majarida ambayo hayakufika Lodwar.

Wakati huo huo kwenda uwandani kulizidi kuwa kugumu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la Moroto lilivunjwa na bunduki zikaenea Karamoja na nchi jirani. Uporaji wa mifugo kati ya Waturkana na Wapokot, ambao hapo awali ulifanywa kwa mikuki, ukawa wa risasi, na Lokori iko karibu na mpaka wa makabila hayo mawili.

Jibu la mwisho kuhusu umri lilipatikana kwa jembe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, Hildebrand, Grillo na John Shea walichimba na kupima sehemu nne za nguzo magharibi mwa ziwa, na taarifa yao ya mwaka 2011 iliihesabu Kalokol pamoja na Lothagam. Nguzo za Kalokol ni za zaidi ya miaka 4000. Zilikuwa zimesimama karne nyingi kabla ya kaburi la kwanza la Lokori. Kama kulikuwa na watazama nyota, hawakuwa watu wa mwaka 300 kabla ya Kristo. Na nguzo zile, sawa na zile za Lothagam, zilikuwa alama za mahali pa mazishi.

Swali la kabila nalo liligeuka. Mwaka 2019 kundi kubwa la watafiti lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania. Ulionyesha kwamba wafugaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki walitokana na mchanganyiko: asili ya kaskazini-mashariki mwa Afrika, asili inayofanana na ya watu wa Sudan, na damu ya wawindaji wenyeji, ikichanganyika kwa awamu kadhaa. Baada ya hapo si rahisi tena kushika mduara wa mawe na kusema: hawa walikuwa Wakushi, basi. Waliozikwa Lokori wanaweza kuwa walisema lugha isiyo na mzungumzaji yeyote leo. Kwa mtu wa pwani anayejua jinsi koo za Kiswahili zilivyoundwa na watu wa asili nyingi, hilo halipaswi kushangaza.

Ulinzi, na mafuta ya Ngamia

Kisheria, makaburi ya Lokori ni mali ya taifa. Kenya ilitunga sheria ya mambo ya kale mwaka 1983, kisha Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 ikachukua nafasi yake. Chini ya sheria hii hakuna anayeruhusiwa kuchimba mahali pa kale bila leseni, na michoro iliyochongwa kwenye mwamba inahesabiwa kuwa turathi. Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi: kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zikabaki kwa serikali kuu, makumbusho na shughuli za utamaduni zikaenda kwa kaunti. Mahali kama Namoratunga, palipo umbali mrefu kutoka Nairobi na hata kutoka Lodwar, panaweza kuangukia katikati ya mgawo huo, kila ofisi ikidhani ni kazi ya nyingine.

Haraka imeingia tangu Machi 2012, Tullow Oil ilipotangaza kugundua mafuta katika kisima cha Ngamia 1, Turkana kusini. Visima vingine vilifuata katika bonde la Lokichar, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya ilisafirishwa kutoka Mombasa. Mafuta huleta barabara, mabomba, machimbo ya kokoto na matingatinga. Dereva wa tingatinga anayetafuta mawe ya kujaza barabara hakulelewa na masimulizi ya watu waliogeuka mawe. Sheria ya mazingira inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa kuanza, na humo turathi zimo; lakini tathmini hufaa tu pale ambapo kila kaburi limekwisha kuwekwa kwenye ramani.

Kuna kazi nyingine ya haraka vilevile. Zoezi la Lynch na Robbins la miaka ya 1970, la kuoanisha alama za mwambani na chapa za mifugo hai, lilifanywa na wageni wawili kwa msaada wa wazee wachache, na wengi wa wazee hao hawapo tena. Ukame wa mara kwa mara umewamaliza ng'ombe wa familia nyingi. Vijana wamehamia Lokichar na Lodwar, na mtoto aliyekulia mjini huenda anaijua emachar yake kwa jina tu, hajawahi kuiona ikichomwa. Chuo cha Turkana, idara ya utamaduni ya kaunti na Makavazi ya Kitaifa wana uwezo wa kulirudia zoezi hilo kwa upana: kupiga picha kila bamba na kila alama, kuwaleta wazee wa Ngisonyoka pale mwambani, na kuandika kila chapa inayotambulika, jina la ukoo wake na nani anaitumia sasa. Kazi hiyo inahitaji watu wanaosema Kiturkana nyumbani kwao, na ianze wakati wanaozijua chapa hizo bado wanaweza kutembea kilomita moja kutoka Lokori.